Maswali ya Wasomaji: Kurudi kwenye Blade Runner kupitia 2049

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Lubumbashi zinazungumzia filamu mbili: Blade Runner ya Ridley Scott, iliyotoka Juni 1982, na mwendelezo wake Blade Runner 2049 wa Denis Villeneuve, uliotoka Oktoba 2017. Kati yake kuna miaka 35. Ya kwanza haikupata watazamaji wengi ilipotoka; E.T. ilikuwa imeyateka majumba ya sinema ya Marekani tangu wiki mbili kabla. Wapenzi wake walikuja polepole, kwa kanda za video na kwa kuirudia, hadi wakawepo wanaoijua neno kwa neno. Majibu yetu yanataja mwisho wa filamu zote mbili, kwa hiyo ambaye hajaziona aanze na yale yanayohusu sauti, picha na umeme.

*Ndugu wahariri, kwenye fleshi niliyopewa na binamu yangu kuna faili tatu za Blade Runner. Moja ina mtu anayesimulia, nyingine haina, ya tatu imeandikwa Final Cut. Nataka kuwaonyesha wadogo zangu kabla hatujaangalia 2049. Nianze na ipi?*
Msomaji wa Kamalondo

Anza na Final Cut, ndugu yetu. Hiyo ya 2007 ndiyo pekee ambayo Scott aliikamilisha kwa mkono wake bila kuingiliwa, na ndiyo inayoshikana vizuri na 2049.

Lakini usiliamini jina la faili, maana watu huyabadilisha. Fungua filamu yenyewe ukague. Deckard, yaani Harrison Ford, polisi anayewinda replikanti (watu wa kutengenezwa wanaofanana kabisa na binadamu), anapotokea mara ya kwanza amesimama nje ya kibanda cha tambi akisoma gazeti, mvua inanyesha. Ukisikia sauti yake ikijieleza hapo, uko kwenye nakala ya 1982. Ikiwa kimya, nenda mbele hadi anapokaa kwenye piano nyumbani kwake: farasi mweupe mwenye pembe moja akikimbia msituni yumo katika nakala za 1992 na 2007.

Kuzitenganisha hizo mbili, sikiliza kwa Kiingereza maneno ya Bryant, mkuu wa polisi, ofisini kwake. Anasema replikanti sita walitoroka. Katika nakala za zamani mmoja ameungua kwenye uzio wa umeme. Katika ile ya 2007 wameungua wawili. Hesabu ya kwanza iliacha watano, ilhali tunaowaona ni wanne tu, na kwa miaka 25 watu walibishana huyo wa tano ni nani. Wengine walisema ni Deckard mwenyewe. Ukweli ni kwamba kulikuwa na mhusika mwingine, Mary, aliyeondolewa kwenye hadithi huku hesabu ikisahauliwa. Bado una shaka? Tazama njiwa anayeruka Roy Batty, kiongozi wa replikanti waliotoroka, anapokufa. Kabla ya 2007 anaruka kwenye anga la buluu, kavu kabisa, wakati sekunde moja nyuma mvua ilikuwa ikimwagika usiku. Final Cut ilirekebisha anga hilo, ikaondoa waya zilizokuwa zikionekana zikiinua gari linaloruka, na ikaweka uso wa Joanna Cassidy, anayemwigiza replikanti Zhora, mahali ambapo zamani ulionekana wazi uso wa mwigizaji wa hatari akivunja vioo kwa niaba yake.

Msimulizi wa 1982 alitoka wapi? Machi mwaka huo filamu ilionyeshwa kwa majaribio Denver na Dallas, na watazamaji wakatoka wamechanganyikiwa. Studio ikaongeza sauti ya kueleza, na pia mwisho wa furaha: Deckard na Rachael, replikanti aliyempenda, wakiwa garini, milima ya kijani chini yao. Picha hizo za angani ni mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Sauti inatuambia Rachael hana tarehe ya kufa. Hapo ndipo tatizo la wadogo zako litakapoanzia. 2049 inafunguka kwenye ardhi iliyokufa, mashamba ya protini na mti mmoja mkavu, na dunia hiyo yote imesimama juu ya mwisho wa Final Cut: mlango wa lifti unajifunga na hatuambiwi chochote zaidi. Mtoto aliyetoka kwenye milima ya kijani atauliza imekwenda wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Nafasi ikiwa ndogo, futa ile ya 1992. Kilichomo humo kimo katika 2007 kwa picha safi zaidi. Ya 1982 itunze. Ndiyo iliyoingia kwanza kwenye majumba ya sinema, na ukiisikiliza baada ya kuijua nyingine utaona ni mara ngapi sauti inaeleza jambo ambalo picha imeshalisema vizuri.

*Je, mtu anaweza kuona 2049 peke yake? Na zile filamu fupi tatu zinaingia wapi?*
Msomaji wa Katuba

Anaweza kuielewa. Ila haitamuuma. Maandishi ya mwanzo yanamweleza mtazamaji replikanti ni nani na kampuni ya Wallace, tajiri anayetengeneza replikanti wapya, ilitoka wapi, lakini Wallace anapomletea Deckard mwanamke aliyefanana na Rachael, tukio lote linategemea wewe kumkumbuka Rachael: jinsi alivyoingia kwenye ofisi ya Tyrell, aliyemtengeneza, nywele zake, moshi wa sigara. Asiyemjua anaona mwanamke mrembo akipigwa risasi, basi.

Utaratibu tunaoupendekeza: Final Cut usiku wa kwanza. Usiku unaofuata Black Out 2022 ya Shinichiro Watanabe, katuni ya dakika kama 15 inayoeleza jinsi kumbukumbu za kompyuta zilivyoteketea. Bila hiyo utashangaa kwa nini upelelezi wa 2049 unategemea makaratasi na mabaki. Kisha 2049 yenyewe. Zile mbili za Luke Scott, 2036 na 2048, ziache baadaye ingawa zimetengenezwa kama utangulizi. Ya 2036 inamtoa Wallace hadharani mapema mno. Filamu inamleta gizani, polepole, na inafaa ukutane naye hivyo. Ya 2048 inamhusu Sapper Morton, yule mkulima wa tukio la kwanza, na inauma zaidi ukijua tayari alikuwa akificha nini.

Halafu rudi kwenye ya 1982. Hatua hii watu wengi huiacha, na sisi tunaona ndiyo faida kubwa ya mwendelezo uliochelewa. Zote mbili zinafunguka na jicho moja lililojaa skrini, lakini sasa jicho la kwanza lina uzito mwingine, kwa sababu umejua kumbukumbu inaweza kutengenezwa kazini kama kiatu. Rachael anaposimulia buibui wa utotoni mwake, na Deckard akamwambia kwamba kumbukumbu hiyo ni ya mpwa wa Tyrell, utamfikiria Ana Stelline, mtengeneza kumbukumbu wa 2049, nyuma ya kioo chake, na farasi wa mti wa K, mpelelezi replikanti wa filamu hiyo. Picha za Leon, mmoja wa replikanti waliotoroka, ambazo mara ya kwanza zilionekana kama ushahidi wa polisi tu, zitakuwa mali ya mtu asiye na kitu kingine duniani.

Tazama pia matangazo ya biashara. Pan Am ilifilisika mwaka 1991, lakini jina lake linawaka katika 2049, pamoja na Atari, na pamoja na maandishi ya Umoja wa Kisovieti. Villeneuve hakuendeleza dunia yetu. Aliendeleza kesho kama ilivyoonwa mwaka 1982, na huo ulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote aliyoyafanya. Na pale K anapolala kwenye ngazi theluji ikimwangukia, muziki unaosikika ni ule wa Vangelis uliomzika Roy Batty kwenye mvua, safari hii kwa mikono ya Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch. Ukiona vifo hivyo viwili katika juma moja hutavisahau.

*Mimi huangalia kwa Kifaransa, lakini mume wangu anataka sauti ya asili na maandishi ya Kifaransa chini. Maandishi yanawahi sauti. Nikiyarekebisha mwanzoni, baada ya nusu saa yamepotea tena. Tena DVD yetu ya zamani inaonyesha dakika 112 badala ya 117. Imekatwa?*
Mama wa Ruashi

Haijakatwa, mama, na matatizo yako mawili yana chanzo kimoja. Filamu ya sinema huenda picha 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya zilifuata mfumo wa televisheni wa picha 25, kwa hiyo filamu nzima inakimbizwa kwa asilimia 4 hivi: 117 mara 24 gawanya kwa 25 ni 112. Kila tukio limo. Muziki pia hupanda juu kidogo, karibu robo tatu ya nusutoni, ndiyo maana ngoma za Vangelis kwenye DVD husikika nyepesi.

Maandishi yako yametengenezwa kwa DVD kama hiyo, kisha yakawekwa kwenye faili ya picha 23.976. Yanawahi sekunde 24 au 25 kwa kila dakika kumi, na kufikia saa moja yamewahi karibu dakika mbili na nusu. Vitufe vya G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, husogeza maandishi yote kwa pamoja. Vinatibu kosa lisilobadilika, haviwezi kutibu linalokua. Fungua maandishi hayo kwa programu ya bure ya Subtitle Edit, nenda kwenye menyu ya kubadilisha idadi ya picha, weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi. Likibaki kosa la sekunde mbili tatu, hapo sasa G na H zinatosha. Herufi zenye alama zikitokea kama «Ã©» badala ya «é», badilisha usimbaji wa maandishi katika mipangilio ya VLC uwe UTF-8. Jina la faili ya maandishi lilingane na la filamu, na zikae folda moja.

Kuhusu ugomvi wa nyumbani: tunamuunga mkono baba, angalau kwa ya 1982. Maneno ya mwisho ya Batty yaliandikwa na David Peoples, lakini Rutger Hauer aliyapunguza mwenyewe na kuongeza ile sentensi ya machozi ndani ya mvua. Ni vizuri kuyasikia kwa koo lake. Na kuna Gaff, polisi mwenzake Deckard, ambaye mwigizaji wake, Edward James Olmos, alimtungia lugha ya mtaani iliyochanganya Kihungaria, Kijapani, Kijerumani na nyingine. Watu wa Lubumbashi, wanaoanza sentensi kwa Kiswahili, wakaipitisha kwenye Kibemba na kuimalizia kwa Kifaransa, hawahitaji kuelezwa mji wa namna hiyo unavyosikika.

*Picha yangu ni nyeusi tupu, na moshi unakatika vipande vya mraba. Televisheni ni mpya.*
Msomaji wa mtaa wa Kenya

Shida ni faili kwanza, televisheni baadaye. Filamu ya dakika 117 iliyobanwa hadi MB 700 imebakiwa na kama megabiti 0.8 kwa sekunde. Vichekesho vya mchana huvumilia hivyo. Mvua, moshi na mwanga unaopita kwenye moshi, ambavyo ndivyo Jordan Cronenweth alivyoipigia filamu hii, haviwezi kubanwa kiasi hicho bila kuvunjika. Tafuta nakala ya GB 4 au zaidi. Ikizidi GB 4, fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32 itaikataa hata ikiwa tupu. Ifomati kwa exFAT, na televisheni isipoisoma tumia NTFS. Kabla ya kufomati hamisha vilivyomo.

Kisha kwenye televisheni: ondoa hali ya rangi kali, chagua ya sinema. Zima kulainisha mwendo, kwa sababu huongeza picha ambazo hazikupigwa. Ukiunganisha kompyuta kwa HDMI, hakikisha pande zote mbili zimewekwa kiwango kimoja cha weusi. Kompyuta ikituma kamili na televisheni ikisubiri kilichopunguzwa, kila kivuli kinazama kuwa wino. Kwa 2049 jipime na tukio la Las Vegas: vumbi la rangi ya chungwa, ambalo Roger Deakins alilitoa kwenye dhoruba ya vumbi ya Sydney ya 2009, liwe na tabaka nyingi na sanamu zijitokeze polepole ndani yake. Ukiona michirizi kama ngazi, bado faili ni mbovu. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Deakins Oscar yake ya kwanza, baada ya kuteuliwa mara 13 bila kushinda.

Na kama unasikia muziki lakini maneno hayasikiki, faili yako ina sauti ya njia sita na maneno yamo katika ile ya katikati, wakati wewe una spika mbili. Weka VLC itoe stereo.

*Tumalizie ubishi: Deckard ni mtu au replikanti?*
Vijana wa Kampemba

Scott amesema mara nyingi kwamba ni replikanti. Ford kwa miaka mingi alishikilia kwamba ni mtu. Ushahidi wa Scott ni yule farasi wa pembe moja: Deckard anamwota, kisha Gaff anamwachia mlangoni farasi huyo wa karatasi, kana kwamba anazijua ndoto zake. Ndiyo sababu katika nakala ya 1982, isiyo na ndoto, karatasi hiyo ni salamu tu ya kumwambia nilifika nikakuacha, na Deckard anabaki mtu bila matatizo.

Mwendelezo ungeweza kufunga mjadala kwa sentensi moja. Hampton Fancher, aliyeandika ya kwanza pamoja na Peoples, alirudi kuandika ya pili na Michael Green, na hawakuifunga. Wallace anamdokezea Deckard kwamba huenda alitengenezwa ili akutane na Rachael, na hapo hapo anasema huenda sivyo. Deckard amezeeka, lakini hilo halithibitishi kitu, maana muda wa kuishi wa miaka minne uliwahusu Nexus 6, aina ya replikanti waliotoroka katika filamu ya kwanza, si kila replikanti. K anapouliza kama mbwa wa Deckard ni wa kweli, mzee anamjibu hajui, amwulize mbwa mwenyewe. Gaff naye, sasa mkongwe kwenye nyumba ya wazee, anakunja kondoo, mnyama aliyeko kwenye jina la riwaya ya Philip K. Dick ya 1968 iliyozaa haya yote.

Msimamo wetu, kwa kuwa mmetuuliza: baada ya 2049 ni vizuri zaidi Deckard awe mtu. K ni replikanti tangu dakika ya kwanza, tunaambiwa, na bado anafanya jambo la utu kuliko watu wote waliomzunguka. Deckard akiwa replikanti pia, kukutana kwao kunapoteza nusu ya maana. Wanaopinga wana hoja, na wataikuta yote ndani ya Final Cut.

*Tunataka kuonyesha zote mbili uani kwetu Bel-Air, usiku mmoja. Umeme unakatika. Tuna projekta ya lumeni 3,000, spika na betri moja ya 12 V, 200 Ah.*
Kikundi cha vijana

Gaweni usiku mbili. Filamu hizi ni dakika 117 na 163, jumla saa 4 na dakika 40 kabla ya kusimama kunyoosha miguu, na ya pili huenda taratibu. Mtazamaji aliyechoka atasinzia kabla ya Las Vegas.

Projekta ya taa hula wati 300 hivi, spika 100, kompyuta 50: jumla 450. Filamu ya kwanza inataka karibu wati-saa (Wh) 880, na kwa hasara ya inveta ni 1,030. Betri yenu ina Wh 2,400, lakini ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mna 1,200. Inatosha. Ya pili inataka karibu 1,440 na haitoshi. Azimeni betri ya pili inayofanana na hiyo, kwa umri pia, na kuziunga sambamba. Inveta iwe ya wimbi safi, wati 1,000. Ile ya bei rahisi huleta mngurumo kwenye spika. Kati ya betri na inveta hupita ampea 44, kwa hiyo waya uwe wa mm² 16, usizidi mita mbili, wenye fyuzi ya ampea 60 karibu na betri. Waya mwembamba utapata moto, na inveta italia kuwa betri imekwisha wakati imejaa.

Mkitumia jenereta, iwekeni mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta, kamwe isiwe ndani wala kwenye baraza. Kati yake na projekta wekeni UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda mfupi. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto, na taa nyingi hupasukia hapo. UPS inawapa dakika za kubadilisha chanzo, au za kuzima kwa utaratibu.

Skrini ya upana wa mita 2.5 inatosha watu 40. Picha ya filamu hizi ni pana, itachukua kimo cha mita 1.05 tu, na robo ya mwanga wa projekta itaishia kwenye mistari myeusi ya juu na chini. Kwa hiyo msiongeze ukubwa. Shuka jeupe hupitisha mwanga; lishonewe kitambaa cheusi nyuma, au mpake tripleksi rangi nyeupe isiyong'aa. Msianze kabla ya 19:00, na zimeni taa za ua zote, hata ya jikoni. Kiangazi, Mei hadi Septemba, ndicho kinachofaa. Juni na Julai waambieni watu waje na blanketi. Na kumbukeni kwamba onyesho la hadhara, hata bila kiingilio, linahitaji ruhusa ya mwenye haki za filamu.

*Utaratibu huo wa kurudi nyuma unafaa pia kwa Un prince à New York (Coming to America ya Eddie Murphy) na Mad Max?*
Msomaji wa Katuba

Un prince à New York, hapana. Ya kwanza ni ya 1988, ya pili ilitoka Machi 2021, na ya pili inarudia vichekesho vya kwanza kimoja kimoja, kinyozi wa Queens akiwemo, huku Marekani ikiwa imepewa daraja la watoto wa miaka 13 na hivyo makali yamepungua. Ukiziunganisha utasikia mwangwi tu. Weka miezi kati yake, na ya pili itazame kwa ajili ya mavazi ya Ruth E. Carter.

Mad Max, ndiyo, ila kwa njia fupi. Fury Road ya 2015 ilikuja miaka 30 baada ya ile ya tatu, na Tom Hardy mahali pa Mel Gibson, kwa hiyo haidai uwe umeona chochote. George Miller alipanga kuipiga Broken Hill, Australia. Mvua ikanyesha, jangwa likachanua maua, akahamia Namibia. Ukimaliza, rudi kwenye Mad Max 2 ya 1981 peke yake, dakika 95, uone lori la mafuta likifukuzwa: mzizi wa yote umo humo. Kati ya filamu zote tulizozitaja hapa, Fury Road ndiyo inayovumilia kutazamwa kwenye simu kuliko nyingine, kwa sababu karibu kila picha ina kitu chake kikuu katikati kabisa ya skrini, na jicho halihangaiki kukitafuta hata mikato inapofuatana kwa kasi.